Muulize Mzee wa Stoo: Inspekta aende mlango wa nyuma

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni binti wa Mbagala Rangi Tatu, mchana nashona, usiku naandika. Riwaya yangu inahusu magaidi wanaotaka kulipua hoteli ya nyota tano hapo mjini, karibu na bahari. Shujaa wangu ni Inspekta Zuberi, mrefu, miwani ya jua havui hata usiku. Anawatambua magaidi kwa kuwatazama usoni tu pale mapokezi, halafu risasi zinaanza. Shoga yangu kafika ukurasa wa 30 kanirudishia, eti Zuberi ni wa sinema. Wewe umekaa hotelini miaka mingi. Hivi kwa kweli nani huwa wa kwanza kushtuka? Na shambulio likizuiwa si mlipuko unakosekana? Atasoma nani?
Mshonaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Shoga yako usimnunie, kakusaidia.

Nilikaa hotelini miaka 22, na 15 kati ya hiyo nilikuwa mlango wa nyuma, stoo, napokea samaki, mboga, mitungi ya gesi na mashuka yanayorudi kutoka kwa dobi. Kule mbele kwenye marumaru nilipita kwa kuibia, maana viatu vyangu vilikuwa havitakiwi. Kwa hiyo nakujibu kutoka pale nilipokuwa nimesimama.

Mbele, kila mtu ni mgeni. Ndiyo biashara yenyewe. Aje bwana harusi, aje mzungu mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye, aje mtu kavaa koti zito na joto lile la Februari, wote ni "karibu sana". Ukitaka kumshangaa mtu pale utashangaa kutwa. Nyuma ndiko kusikokuwa na mgeni. Yule mama wa mchicha wa Jumanne nilimjua kwa kikohozi kabla hajakunja kona. Dereva wa gesi nilijua anapiga honi mara mbili na hazimi injini mpaka umgombeze. Kitu kikibadilika hapo, hata kidogo, mwili unajua kabla ya kichwa.

Na wabaya nao wanalijua hilo. Julai 2009 kule Jakarta zililipuliwa hoteli mbili za jirani, Marriott na Ritz-Carlton, asubuhi moja. Mtu wao wa ndani alikuwa mpanga maua. Maua, mwanangu! Mwenzao mwingine alikuwa amechukua chumba kama mteja yeyote, kalipia. Zuberi wako angempita mpanga maua na miwani yake, akanusa na waridi.

Sasa nikupe kisa changu, kichukue bure. Novemba 28, 2002, kule Kikambala, kaskazini ya Mombasa, watalii walikuwa ndiyo wanafika hotelini, ngoma ya kuwapokea inachezwa. Gari likavunja kizuizi cha getini likaingia na kulipuka. Walikufa watu 13, ukiwaacha washambuliaji, na baadhi yao ni hao hao waliokuwa wakicheza ngoma. Kwetu Dar kila mwenye hoteli alishtuka. Tukaletewa daftari jipya la mlango wa nyuma lenye safu nyingi kuliko mtihani wa darasa la saba: jina, namba ya gari, umeletwa na nani, saa ya kuingia, saa ya kutoka.

Haikupita wiki mbili, Jumamosi ya harusi kubwa, ikaja kirikuu ya samaki. Gari nalijua, dereva simjui. Kijana, jasho linamtiririka, kaliegesha kinyume, uso wa gari umeelekea barabarani kama mtu anayejiandaa kuondoka mbio. Namuuliza jina la mwenye mzigo, anababaika. Nikafunga geti, nikapiga simu juu, nikawatoa vijana wa jikoni wote nje. Tukasubiri askari saa nzima na nusu. Barafu ikayeyuka, maji ya samaki yakawa yanatiririka mpaka kwenye kandambili zangu. Yalipofunguliwa yale maboksi: changu, kilo 60, macho yameshaanza kuzama. Kijana alikuwa mpwa wa dereva wetu aliyelala na malaria, hajawahi kuendesha mjini. Bwana harusi alikula kuku. Mimi nilikula barua ya onyo, na fedha ya samaki ikakatwa kwenye mshahara miezi mitatu.

Hapo ndipo riwaya yako ilipo. Mtie mtu wa stoo (ningependa awe mwanamke, lakini kitabu ni chako) kwenye aibu kama hiyo sura ya pili. Achekwe, aitwe "kamanda wa changu". Halafu sura ya tisa gari lije tena, limegeuzwa uso barabarani tena, na huyu mama ameshika simu, barua ya onyo iko kwenye droo hapo hapo mbele yake. Apige, asipige? Hapo shoga yako hatalala.

Kuhusu mlipuko: usiogope kuukosa. Ijumaa ile ya Agosti 7, 1998 nilikuwa napima vitunguu, mizani ikaruka. Ubalozi wa Marekani. Walikufa watu 11 hapa Dar, na Nairobi siku hiyo hiyo zaidi ya 200. Unajua kilichosaidia kwetu? Boza la maji. Lilikuwa getini na shughuli zake za kupeleka maji, likalizuia lile gari la mabomu lisisogee zaidi. Hakuna inspekta aliyelipanga. Msomaji wa Dar anaujua mlipuko, huhitaji kumwonyesha. Muonyeshe boza.

Namna bomu linavyotengenezwa ruka kabisa, haiongezi utamu, na askari watakuja kukuuliza umejulia wapi. Na Zuberi mbakize, ila aje kuchelewa, akute boksi za samaki.

SWALI: Mzee, kile kioo cha fimbo wanachopitisha walinzi chini ya gari, wanaona kitu kweli au ni mbwembwe?
Dereva wa bajaji, Tabata

JIBU: Inategemea yuko zamu tangu saa ngapi. Saa mbili asubuhi anaona mpaka nati. Saa tisa alasiri, jua kali, yuko kazini tangu alfajiri, anaona soksi zake. Mlinzi mjuzi hukizungusha kile kioo polepole huku anakuuliza unampelekea nani mzigo, na sikio lake liko kwenye jibu. Kwa hiyo akikuuliza, mjibu vizuri, acha ile yenu ya "we huoni?"