Kangaja wangu alipona kwa kitunguu saumu, mbona madoa yamerudi?

SWALI: Daktari, nina tangi la maji ya chumvi la lita 400 lenye matumbawe, kamba wawili na samaki sita. Nilileta kangaja wa buluu, nikamtenga siku tano kwenye tangi la pembeni. Alikula vizuri, nikamhamishia tangi kubwa. Wiki moja baadaye akatoka madoa meupe kama chembe za chumvi. Muuzaji akanishauri nimpe chakula kilicholowekwa kwenye maji ya kitunguu saumu na nipandishe joto hadi nyuzi 30. Siku ya tatu madoa yakaisha yote. Sasa zimepita wiki mbili, yamerudi mengi kuliko mwanzo, na samaki mwingine anajikuna kwenye mawe. Niongeze kitunguu, au kuna dawa isiyodhuru matumbawe?

JIBU: Usiongeze kitunguu. Madoa yale yangeisha siku ileile hata kama ungemlisha samaki wako mkate mkavu.

Swali hili hunifikia mara nyingi, na kila mara kuna mtu aliyeona madoa yakitoweka akadhani ugonjwa umetoweka. Unachokieleza ni kazi ya kimelea kinachoitwa Cryptocaryon irritans. Doa unaloliona ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi ya samaki, kinakula na kunenepa. Hukaa hapo siku tatu hadi saba hivi, kisha hujiondokea chenyewe, aghalabu gizani wakati taa zimezimwa. Ndiyo maana watu huamka asubuhi wakakuta samaki anang'aa, nacho kitunguu kikavishwa kilemba cha ukoka.

Kikishadondoka, hujishikiza kwenye mchanga, mwamba, kioo au gamba la konokono, kikajijengea kifuko kigumu na kuanza kujigawa humo ndani. Kifuko kimoja kinaweza kutoa vichanga zaidi ya mia. Vifuko vingine hupasuka baada ya siku chache, vingi ndani ya mwezi mmoja, lakini vimewahi kuonekana vilivyosubiri hadi siku 72. Kichanga kikitoka kina siku moja au mbili tu za kumpata samaki, la sivyo kinakufa. Baharini vichanga vingi hupotelea kwenye maji mengi. Kwenye lita 400 samaki hana pa kukimbilia. Kwa hiyo zile wiki mbili ulizofurahia zilikuwa za uzazi.

Joto nalo ni ushauri ulioazimwa kwa wafugaji wa samaki wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Wao wana kimelea chao cha madoa meupe, kiumbe tofauti kabisa, ambacho joto kweli hukisumbua. Hiki cha baharini nyuzi 30 hakizijali. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na kimelea hiki hupenda kuanzia kwenye matamvua kabla hakijaonekana mwilini, kwa hiyo ulikuwa unamnyima pumzi mgonjwa wa kifua. Rudisha tangi kwenye nyuzi 25 au 26, taratibu.

Sasa tiba. Watoe samaki wote sita, pamoja na wale unaowaona wazima. Watie kwenye tangi la matibabu lisilo na kitu chini: hita, chujio la sponji, pampu ya hewa, na vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia. Usiweke mwamba wala mchanga, kwa sababu hunyonya shaba, na shaba ndiyo dawa. Kiwango hutegemea aina uliyonunua: shaba huru hufanya kazi kwenye miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, ile iliyofungwa kikemia huhitaji takriban 2 hadi 2.5. Soma lebo, nunua kipimo kinacholingana na aina hiyohiyo, pandisha dozi kwa siku kadhaa, kisha ishikilie siku 30. Ikishuka chini ya kiwango hata siku moja, unaanza kuhesabu upya. Anayepima shaba kwa macho ama anawaua samaki ama anawapotezea muda.

Jambo litakalokusumbua zaidi kwenye tangi hilo ni amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki wenyewe. Bakteria wa kuila ni wachache, na kwenye maji ya bahari, ambayo pH yake iko karibu na 8.2, sumu yake ni kali kuliko kwenye maji baridi. Sponji iliyokaa wiki chache kwenye chujio la tangi kubwa huwa na bakteria hao, na kwa wagonjwa hawa unaweza kuitumia, maana kimelea kilichomo kitakutana na shaba. Pima kila siku, badilisha maji (na maji mapya yatiwe shaba ya kiwango kilekile), na usitie zile dawa za kufunga amonia: baadhi yake huigeuza shaba kuwa sumu kali kwa samaki.

Tangi kubwa libaki bila samaki hata mmoja kwa siku 76. Matumbawe na kamba wakae humo, waendelee kuhudumiwa kama kawaida. Najua ni muda mrefu kutazama mawe. Ukimbakisha samaki mmoja tu kwa huruma, umebakisha ugonjwa.

Ukiona samaki anapumua mbiombio, anakimbia mwanga, na ngozi yake ina vumbi laini badala ya chembe zinazohesabika, huo ni ugonjwa mwingine unaoua ndani ya siku chache. Shaba inautibu pia, lakini usingoje asubuhi.

Kuhusu zile siku tano: hazikuwa karantini. Kimelea cha kwenye matamvua hakionekani kwa siku tano, na mzunguko mmoja tu unaweza kuzidi hapo mara kadhaa. Samaki mpya akae wiki nne hadi sita, awe na wavu wake na ndoo yake, na tangi lake liwe mbali na lile kubwa kiasi cha kutorushiana matone. Kula vizuri si cheti cha afya. Kangaja hasa hula kwa pupa hata akiwa mgonjwa, na ni katika samaki wanaoshikwa upesi na kimelea hiki. Matumbawe na konokono hawaugui, ila hubeba vifuko, kwa hiyo nao wangojee siku 76 zilezile kwenye tangi lisilo na samaki.

Kuna wanaokwambia kimelea hiki kimo katika kila tangi, kwamba samaki asipokuwa na msongo hakiamki. Si kweli. Bila samaki kinakufa, na tangi ambalo hakikuingizwa halina. Maneno hayo huwapendeza wauzaji kwa sababu yanamwondolea lawama aliyeuza samaki mgonjwa. Vivyo hivyo kamba wa kusafisha, anayedaiwa kula vimelea mwilini mwa samaki: hawezi kuchomoa kitu kilichofunikwa na ngozi.

Na ile dawa isiyodhuru matumbawe uliyoniuliza? Muulize anayekuuzia inamuaje kiumbe wa seli moja aliyejificha chini ya ngozi, au ndani ya kifuko kigumu mchangani, halafu ikamwacha kamba akitembea pembeni. Mwombe pia akuonyeshe kiambato kilichoandikwa kwenye chupa. Mara nyingi utakuta ni dondoo za mimea, na moja kati yake ni kitunguu saumu.