"Namsubiri mjomba"

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Newala. Tumepewa kijitabu cha kumsaidia mwenye busha aamue kama atapasuliwa au atakaa nalo. Kimetafsiriwa kutoka Kiingereza. Mwishoni mgonjwa anaulizwa, "Wewe unapendelea nini?" aweke alama. Wazee watatu wamenirudishia ukurasa ule mtupu. Mmoja anasema anamsubiri mjomba wake atoke Tandahimba. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mzee huyo hajakataa kuamua. Sisi Wamakonde ukoo tunaufuata kwa mama, na suala la kisu halipiti bila mjomba. Nilipokuwa wodi ya wanaume hapa Mtwara nilimhimiza mgonjwa asaini kabla mjomba wake hajafika. Asubuhi nikakuta kitanda kitupu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo kaa kwanza na mzee peke yake, umuulize anataka nini na anaogopa nini. Kisha, akikuruhusu, soma tena mjomba akiwepo. Usigeuze mpangilio huo: mjomba akitangulia kusema, mgonjwa hunyamaza, na mwili ni wake.

Kijitabu usikitupe. Mapitio ya mwaka 2024 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 209, yameonyesha kwamba wanaotumia zana za namna hii huelewa zaidi njia walizonazo. Ila kutafsiri peke yake hakutoshi. "Hidroseli" nani anaijua huko? Andika busha. Wanapoandika "hatari za upasuaji", mzee anasikia kifo; sema "madhara yanayoweza kutokea", uyataje: kuvuja damu, kidonda kuingia wadudu, maji kurudi. Penye asilimia 5, mwaga korosho 100 mkekani, utenge 5. Na ile "hakuna jibu sahihi" iondoe kabisa, maana mzee atadhani hata nesi hajui. Sema, "Njia zote mbili zinakubalika, tutazame ipi inakufaa."

Halafu ongeza yale ambayo watu wetu wanayauliza kweli. Je, busha linaletwa na madafu? Hapana, huku kwetu mara nyingi ni minyoo inayoenezwa na mbu. Dawa za kinga tunazogawiwa hazitalikausha? Zinapunguza vijidudu vya minyoo kwenye damu, lakini busha lililokwisha kujaa haliishi kwa vidonge. Na lile wanalouliza kwa sauti ya chini: korodani zinakatwa? Daktari anatoa maji na kushughulikia mfuko uliokuwa umeyashika, korodani zinabaki. Swali hili liwe ukurasa wa kwanza, si wa mwisho.

Weka pia msimu. Baada ya kisu mtu hanyanyui mizigo kwa wiki kadhaa, na kuanzia Oktoba kila mkono uko kwenye korosho. Mzee anayesema "siyo sasa" huenda amekubali, anangoja magunia yaishe.

Ukimaliza, usimuulize "umeelewa?" Atakuitikia tu kwa heshima. Mwambie, "Baba, mjomba akifika utamwelezaje?" Anza na wale wazee watatu, kisha niandikie kila mmoja alikwama kwenye neno gani.