Mshale Uliovunjika au Mshale Uliovunjwa?

Swali: Natafsiri muvi kwa sauti, saizi nina ile ya kikauboi ya zamani, Broken Arrow ya 1950. Mi nimeandika Mshale Uliovunjika, mwenzangu kang'ang'ania Uliovunjwa, na kijana wa kava keshaandika Mshale Iliovunjika. Nani yuko sahihi? Na wale wenyeji wa asili wa Marekani waliomo niwaite Wahindi Wekundu au Waapache?

Jibu: Ndugu yangu, tuanze na wa kava maana huyo ndo kakosea kabisa. Mshale umevunjika, mishale imevunjika, kwa hiyo mshale mmoja ni uliovunjika. Hiyo ya kijana mtaani tunaisikia kila siku ila kwenye kava itakaa miaka, mwambie arekebishe kabla hajaprinti.

Sasa wewe na mwenzio, kisarufi wote mko sawa ila hamsemi kitu kimoja. Kikombe kimevunjika, hapo unaongelea hali ya kikombe basi, aliyekivunja hayumo kwenye sentensi, ndo maana mtoto akitoka jikoni anakwambia "mama, kikombe kimevunjika", hakwambii kimevunjwa hata siku moja, kwa sababu ukisema kimevunjwa lazima utamuuliza na nani!

Rudi kwenye muvi. Cochise, mkuu wa Waapache wa kundi la Chiricahua, kawakusanya watu wake waamue kama wajaribu amani na wazungu, wanabishana weee, mwisho anashika mshale anauvunja mbele ya wote, na wasiotaka amani wanaondoka zao na Geronimo, Mwapache mwenzao. Ule mshale haujakanyagwa na farasi, kauvunja mtu kwa mikono yake akijua anagawanya watu wake. Kwa hiyo mimi niko na mwenzio, Mshale Uliovunjwa. Ukiandika uliovunjika mtazamaji atafikiria silaha mbovu au watu walioshindwa vita, na Cochise pale hajashindwa na mtu.

Ila angalia kitu kimoja, sisi tukisema kuvunja mara nyingi ni jambo baya, mtu anavunja ahadi, anavunja ndoa, anavunja undugu, sasa asiyeijua stori anaweza kudhani ni usaliti. Ukifika hiyo sini usiikimbize, sema wazi anauvunja ili vita iishe.

Wahindi Wekundu achana nayo. Mhindi kwetu ni mtu wa asili ya India, halafu hiyo Wekundu inamwita mtu kwa rangi ya ngozi wakati jina lake lipo. Fuata Mwarabu, Waarabu, Kiarabu, upate Mwapache, Waapache, Kiapache, na kwenye Waapache ziandike a zote mbili.

Hilo neno Kiapache utalihitaji sana, maana steringi Tom Jeffords, yule mzungu aliyechezwa na James Stewart, anafundishwa Kiapache kwanza ndo anaenda kwa Cochise. Na mwanzoni kabisa anatuambia Waapache wakiongea wataongea lugha yetu, ili tuwaelewe. Hapo najua mkono utakuwasha kuandika Kiingereza, usiandike, acha hivyo hivyo "lugha yetu", kwa sababu watu wa kibanda umiza watamsikia Cochise kwa sauti yako, anaongea Kiswahili.