Ndoa ya sheikh bila cheti cha serikali

Dada yangu wa Mbagala, umeeleza kwamba sheikh aliwafungisha ndoa nyumbani kwenu miaka 6 iliyopita, na sasa shemeji zako wanadai kuwa, kwa kuwa huna cheti cha serikali, wewe si mke kisheria na hivyo kiwanja mlichonunua pamoja na mumeo hakikuhusu.

Wamekosea. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya Kiislamu, ya Kikristo, ya kimila na ya kiserikali, zote zikiwa na nguvu sawa, na inasema wazi kwamba ndoa iliyotimiza masharti yake haibatiliki kwa sababu tu haikusajiliwa.

Tatizo lako, kwa maoni yangu, ni ushahidi. Mwendee sheikh huyo mapema, ungali na maelewano na mumeo, umwulize kama alikuwa na leseni ya kufungisha ndoa na kama alipeleka taarifa kwa msajili. Kisha fuatilia RITA (wakala wa serikali unaoshughulikia usajili wa ndoa) au ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Andika majina ya mashahidi walioshuhudia, na utunze picha za siku ile pamoja na stakabadhi za malipo ya kiwanja, kwani mahakama ikigawanya mali ya wanandoa hutazama mchango wa kila mmoja, na kazi za nyumbani nazo huhesabiwa.