Bangi ruksa jimboni, je kwenye makaratasi yako?

Toka Ohio nao wapige kura ya ndiyo Novemba 2023, wakawa jimbo la 24 kuruhusu bangi ya starehe kwa watu wazima, meseji za Waswahili wa Marekani haziishi. Najibu chache. Mimi sio wakili eeh, kesi yako peleka kwa wakili wa uhamiaji.

Shikamoo anko. Niko Columbus, Ohio, nina grinkadi, mwakani najaza fomu ya uraia. Nilishanunua zile pipi za bangi, dukani kabisa, nikaonyesha kitambulisho nikapewa na risiti. Kuna shida?

Marahaba mwanangu. Shida ipo, na ndo kitu kinachonikera kuliko vyote kwenye hili suala. Kwa Ohio hujavunja kitu, umetimiza miaka 21, umenunua kwenye duka lenye leseni, umelipa mpaka ile kodi ya asilimia 10 ya bangi. Ila uraia hautolewi na Ohio, unatolewa na serikali kuu, na kwa serikali kuu bangi ya starehe bado ni haramu, jimbo liseme litakavyosema. Aprili 2019 USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, waliandika wazi kabisa kwamba kutumia au kumiliki bangi, hata pale jimbo lilipokubali, kunaweza kukufanya uhesabike huna tabia njema, na bila tabia njema uraia hupati. Tena sio lazima ukamatwe, ukikiri kwa mdomo wako mbele ya ofisa wa intavyuu inaweza kutosha kukuharibia. Wanaangalia sana miaka 5 ya nyuma, au 3 kama unaomba kupitia ndoa na raia. Kuna kaupenyo ka kosa moja tu la kuwa na gramu 30 kushuka chini kwa matumizi yako, ila kujua kama pipi zako zinaingia humo ni kazi ya wakili, sio yangu wala ya shemeji yako wa kwenye grupu la WhatsApp. Na usije ukanielewa nakwambia udanganye, uongo kwenye N-400, hiyo fomu ya uraia, unaweza kukumaliza kuliko hizo pipi. Muone wakili KABLA hujajaza, na kuanzia leo acha.

Mpwa wangu kapata kazi kwenye duka la bangi Denver, inalipa kuliko kubeba boksi. Aende?

Ana uraia? Aende. Ana grinkadi, au anasubiri makaratasi? Abebe boksi. Mwongozo uleule wa 2019 unawagusa na wafanyakazi wa hii biashara, na yeye ushahidi atakuwa anautengeneza mwenyewe kila wiki mbili, maana stabu ya mshahara ina jina lake na jina la duka.

Kaka, mi naendesha semi, naishi Minneapolis. Minnesota si waliruhusu toka Agosti 2023, nikivuta siku za ofu kuna noma?

Noma kubwa kaka. Leseni yako ya CDL, ile ya magari makubwa, inafuata sheria za DOT, wizara ya usafirishaji ya serikali kuu, na DOT hawajali umevuta lini wala jimbo gani. Kipimo chao ni cha mkojo, na kwa mvutaji wa mara kwa mara bangi inaweza kuonekana wiki kadhaa baadaye wakati wewe ulishasahau. Ukikutwa nayo jina linaingia kwenye Clearinghouse, rejista ya serikali kuu ya madereva waliofeli vipimo, mwajiri yeyote wa malori analiona, na toka Novemba 2024 jimbo lenyewe linatakiwa kukushusha CDL mpaka umalize utaratibu wa kurudi: mtaalamu, matibabu au darasa, kipimo kingine. Lori la mkopo litakuwa limepaki tu hapo nje.

Hivi hawa wanaruhusu kwa sababu ya kodi tu?

Kodi ipo, Colorado walioanza kuuza Januari 1, 2014 sehemu ya hela inajenga shule. Ila mi naona faida kubwa ni lebo. Pipi ya dukani Colorado haizidi miligramu 10 za THC, ile kemikali inayolewesha, kwa kipande na 100 kwa pakiti, imepimwa maabara, mtu anajua anachokula (na bado wapo wanaokula kimoja, wakiona nusu saa kimya wanaongeza cha pili, halafu vyote vinapanda pamoja!). Mtaani hiyo lebo hakuna. Kwa hiyo naunga mkono kuruhusu, ninachopinga ni kumruhusu mtu dukani halafu kumhukumu kwenye fomu. Na sio kila mahali wanakubali, Florida 2024 kura za ndiyo zilifika kama asilimia 56 na bado ikaanguka maana kule lazima 60.

Naweza kumpelekea shangazi Dar mafuta ya bangi ya kuchua magoti? Nimenunua kihalali hapa Seattle.

Hapana, hapana, hapana. Uwanja wa ndege ni wa serikali kuu kwa mambo haya, na ukishuka Dar unakutana na sheria ya dawa za kulevya ya 2015 ambayo risiti ya Seattle haiijui. Shangazi mnunulie dawa ya kuchua ya famasi.