Kabla hujaweka -fcommon, soma yaliyonikuta kwenye kinu cha unga

Ndugu, umesema tangu uweke GCC mpya (kompaila ya C) maktaba yako ya .so, ile inayopakiwa programu ikianza, haijengeki, linka, inayounga faili zilizokompailiwa, inalia "multiple definition of", yaani jina moja limefafanuliwa mara nyingi, na wenzetu wamekushauri uongeze swichi ya -fcommon. Itajengeka, kweli. Mimi nilifanya hivyo hapa Lubumbashi, nikaja kulipa baadaye.

Mpaka GCC 9, ukiandika `int uzito;` nje ya funksheni bila thamani ya mwanzo, jina linakwenda kwenye COMMON, nafasi ya pamoja, urithi wa lugha ya Fortran. Faili kumi zikiwa nalo, linka inazipa zote nafasi moja, kwa kipimo cha iliyo kubwa kuliko zote. GCC 10, mwaka 2020, ikaacha mtindo huo, kwa hiyo jina likijirudia linka inakataa; -fcommon inaurudisha. Basi.

Programu yangu inasoma mizani kwenye kinu kimoja cha Katuba. `int uzito;` ilikaa kwenye faili ya .h, inayonakiliwa ndani ya kila .c inayoiita, ikaingia kwenye programu na kwenye .so. Siku moja nikataka gramu, nikaigeuza kuwa double (namba ya desimali, baiti 8), nikapeleka .so peke yake kwa flashi. Mfuko wa kilo 25 ukapandishwa: uzito 0, bei 1077477376. Papa mwenye kinu akaniuliza, "Sasa tunauza unga ao kobalti?"

Jina likiwa pande zote mbili, la programu ndilo linashinda wakati wa kupakia. Kule lilikuwa na baiti 4 tu. Maktaba ikaandika 8, nne zikamwagikia kwa jirani, `bei`. Namba 25 kama double, kwa heksadesimali, ni 0x4039000000000000, na nusu yake ya juu, 0x40390000, ndiyo ile bei. Onyo? Hakuna hata moja. Linka hainung'uniki jina likijirudia kati ya programu na .so, hata kwa GCC ya leo. Kelele zake ni za faili zinazoungwa pamoja, na hizo ndizo nilizozizima kwa -fcommon wakati zilikuwa zinanionyesha ile .h.

Kwa hiyo: kwenye .h weka `extern int uzito;` (inataja jina tu, haitengi nafasi), na `int uzito;` ibaki kwenye .c moja tu. Mimi nilikwenda mbali zaidi, nikaifanya static (isionekane nje ya faili yake) ndani ya maktaba, programu inaita soma_uzito(). Nikibadilisha aina, najenga vyote viwili.

Toa -fcommon, futa .o zote za zamani (faili zilizokompailiwa), jenga upya, kisha endesha `nm *.o | grep ' C '`, inayoorodhesha majina yaliyo kwenye COMMON. Ikitoa mstari wowote, kuna Makefile (faili ya maagizo ya kujenga) mahali fulani bado inaibeba -fcommon.