Kabla hujamchora mama anayetwanga, omba mchi

Picha za mama wa kijijini akitwanga zimejaa kwenye maduka ya vinyago, kuanzia Mwenge jijini Dar es Salaam hadi vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar. Nyingi ukizitazama vizuri, hakuna anayetwanga. Mama kasimama wima, mchi kauegemea kama bakora, kanga haina hata mkunjo. Mchoraji kakariri picha ya mwenzake, naye mwenzake kakariri ya mwingine.

Ukitaka yako iwe na uhai, achana na rangi kwanza. Muombe mama mwenyewe akupe mchi utwange kidogo (atakucheka, mwache acheke). Utagundua nguvu haitoki mikononi. Visigino huinuka mchi ukipanda, kiuno hukunjika ukishuka, na mabega hufuata tu. Mimi huchora mchi ukiwa juu kabisa, kabla haujaanza kushuka, maana hapo mwili wote umejikaza na mtazamaji anausubiri mshindo.

Kupepeta kuna mtego wake: upepo. Ungo hushikwa dole gumba juu, vidole vingine chini, nafaka hurushwa na kurudi, pumba huchukuliwa. Basi zikielekea kushoto, ncha ya kanga na moshi wa jikoni navyo vielekee kushoto. Nimeona picha ya bei kubwa ambayo pumba na moshi vimegombana, kila kimoja na njia yake, na mnunuzi anaisifia!

Kanga nayo ina pindo (ukingo wake), mji (sehemu ya kati) na jina (maandishi yake). Jina huwa upande wa chini wa mji, kwa hiyo kanga ikifungwa kiunoni herufi huzama kwenye mikunjo na kukatika. Usiliandike jina likanyooka kama bango la duka. Nusu neno linatosha, anayejua atalimalizia.

Kwenye ngozi, usichukue nyeusi moja kwa moja kutoka kwenye tyubu, inaua uso. Changanya kahawia nzito na buluu, ongeza wekundu kidogo. Chini ya kidevu weka mwanga hafifu, kwa sababu unga mweupe uliopo kwenye ungo hurudisha jua usoni. Ukitumia akriliki (rangi inayochanganywa na maji), changanya rangi iwe nyepesi kuliko unavyotaka, maana ikikauka hukoza. Na kwa joto letu hukauka upesi, kwa hiyo nyunyizia maji kwenye sahani ya rangi.

Malipo mpatane kabla ya kukaa. Asubuhi ya kukukalia ni asubuhi ya shamba iliyopotea, na asante ya mdomo haijazi kinu. Kazi ikiisha, mwonyeshe yeye kabla ya mteja. Wa mjini watasifu mwanga, yeye ataangalia ungo umeshikwaje. Na akisema hataki kuchorwa na kanga iliyochakaa, akaingia ndani kutoa doti mpya, mwache avae. Wapo wenzangu wanaong'ang'ania ile iliyotoboka eti ndiyo "uhalisia". Sioni kwa nini uhalisia uwe wa matobo peke yake.